Mvukuto na Uso wa Baba

Sipendi kuulizwa kama baba yangu alikuwa na picha. Nikiulizwa tu, damu inanichemka, na mwulizaji masikini hana kosa. Wenye kosa walikwisha kufa, na mazishini watu waliwasifu. Basi mniache niseme yangu.

Baba alifariki nikiwa mdogo mno. Ninachokumbuka ni koti lake zito la rangi ya majivu, alilolivaa juu ya kanzu siku za Jumapili, na lilivyonukia moshi. Uso, hapana. Nikifumba macho naona koti, na ndani ya koti hamna mtu.

Mama hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwetu Uhayani hilo peke yake lilitosha. Matanga yalipokwisha, ukoo ulimkalisha mdogo wake baba kwenye kigoda cha marehemu, wakamvisha lile koti, wakamkabidhi mkuki na kibanja cha Ijumbi pamoja na migomba na mibuni yake yote. Tangu siku ile akawa omusika, yaani mrithi. Na msidhani omusika ni mtu wa kupokea mali tu. Kwa desturi anakuwa ndiye yule aliyekufa. Watoto wa marehemu humwita baba, wazee humpa heshima ya marehemu, na akikohoa, marehemu amekohoa. Mama aliambiwa achague, abaki awe mke wa huyo au arudi kwao. Akanibeba mgongoni, akarudi kwa kaka zake Kamachumu. Aliomba kitu kimoja tu, picha.

Maana picha ilikuwapo. Mpiga picha wa kuzunguka alimpiga baba nje ya kanisa, amesimama wima na koti lake. Ilikuwa picha ndogo ya kuweka kiganjani, na uso wa baba ndani yake haukuzidi punje ya kahawa. Baba mdogo akakataa. "Picha ya baba wa nyumba hukaa nyumbani," alisema, na wakubwa wa ukoo wote wakatikisa vichwa kukubali. Ebo! Kibanja mmechukua, mbuzi mmechukua, na sura ya mtu nayo mnarithi?

Ikatundikwa ukutani, juu, ndani ya fremu ya kioo. Kila mwaka baada ya mavuno ya kahawa Mama alikwenda Ijumbi, akapiga magoti kwenye manyasi yaliyotandikwa sakafuni, akainua macho kuitazama. Nyumba ile ilikuwa na giza mchana kutwa, na migomba iliyoizunguka ilizidi kuzuia mwanga. Alichoona ni weupe wa kanzu na weusi wa koti. Akarudi Kamachumu ameridhika, akanisimulia jinsi baba alivyokuwa na uso laini, mdomo wa kucheka na paji pana. Nililelewa na uso wa kusimuliwa.

Nilipomaliza shule ya misheni nilipata kazi Bukoba mjini, katika studio ya mzee mmoja Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Watu hushangaa, mwanamke na kamera wakati wa Mwingereza! Hakuna la ajabu. Wake za watu waliovaa buibui walitaka picha, na hawakukubali kufunua nyuso mbele ya mwanamume. Mzee alihitaji mwanamke anayejua kusoma na asiyevunja vitu. Nikamfaa.

Pale ndipo nilipoujua mvukuto. Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza wadudu wa kahawa alihamishwa, akamwachia Mzee kamera ya Kijerumani na kifaa chake. Nilipokiona mara ya kwanza nilicheka. Kilikuwa mvukuto kweli, kama ule wa mhunzi lakini mdogo, ngozi nyeusi yenye mikunjo mingi, umekaa juu ya reli ya chuma. Upande mmoja unafunga kamera, upande wa pili unafunga lenzi. Ukizungusha skrubu mikunjo inanyooka, lenzi inakwenda mbele, na kitu kidogo kinajaa kioo kizima cha kamera. Nimewahi kutazama mguu wa senene kwa kifaa kile nikaona miiba yake yote, nikakaa siku kadhaa bila kula senene.

Lakini mvukuto una masharti yake. Kadiri unavyouvuta ndivyo mwanga unavyofifia kabla ya kuifikia filamu, kwa hiyo lenzi lazima iachwe wazi kitambo kirefu. Na kitambo hicho chote, kitu kikitikisika hata kidogo, picha inakuwa ukungu mtupu. Hata mtu akitembea karibu, miguu ya kamera inasikia. Sisi tulitumia mvukuto kwa kazi moja hasa. Watu walituletea vijipicha vya marehemu wao, vya kukunjamana, na mimi nikaupiga uso peke yake, kisha tukaukuza ukawa mkubwa kama sahani. Nimeona wanaume wazima wakilia pale kaunta.

Sasa mnaona mawazo yangu yalikuwa wapi. Lakini nilijua jibu la Ijumbi, nikanyamaza, mpaka macho ya Mama yalipoharibika. Daktari wa misheni alimtazama akasema jicho moja limekwisha, la pili linafuata, na dawa hana. Mama hakulia. Alinishika mkono tukiwa bado barazani kwa daktari, akasema, "Mwanangu, kabla macho hayajafungwa kabisa, nataka nimwone baba yako. Si koti. Uso, ukubwa wa uso."

Nilipomweleza Mzee wa studio, hakuniachia hata nimalize. "Chukua kamera, chukua na mvukuto. Filamu iliyomo imebaki kidogo, usiichezee."

Nikapanda lori hadi Kamachumu, nimepakata sanduku la kamera nililolifunga kwa kanga. Nikamchukua Mama, tukashika njia ya Ijumbi kwa miguu, yeye ameshika kiwiko changu.

Baba mdogo tulimkuta amekaa kwenye kigoda, koti mwilini, joto lote lile. Tukapiga magoti, tukamwamkia Kihaya. "Kasinge, waitu." Akaitikia taratibu, kama mtu anayehesabiwa maneno. Tukapewa kahawa ya kutafuna, tukatafuna. Ndipo nikaeleza. Nikaeleza vizuri, kwa adabu, kwamba picha haitaguswa, nitaipiga tu, na Mama anapofuka.

"Picha haitoki nje ya mlango huu," alisema.

"Tata, ndani hamna mwanga," nilisema, nikimwita baba kama desturi itakavyo.

"Haitoki."

"Basi niitoe kwenye fremu. Kioo kinarudisha mng'aro."

"Fremu haifunguliwi." Na akaongeza, mtu mzima huyu, "Ukiona haiwezekani, acha."

Nilitaka kujibu. Mama akanifinya paja. Tulibembeleza mpaka kahawa ikaletwa tena, na mwishowe akakubali picha ishushwe, iegemezwe kwenye kinu karibu na mlango, lakini kwa ndani. Sawa. Nikasukuma manyasi kando ili miguu ya kamera ikanyage udongo, na mke wa baba mdogo akaanza kunung'unika kwamba namchafulia nyumba. Mama nikamweka ubavuni, ashike shuka jeupe limulike mwanga wa mlangoni uangukie picha. Nikavuta mvukuto. Kwenye kioo cha kamera ule weusi na weupe ukasogea, ukasogea, nikaona kama kivuli cha mashavu. Kulikuwa na giza, sikuona zaidi ya hapo, ila nilijua filamu itaona.

Nikafungua lenzi, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Sijafika popote, baba mdogo, aliyekuwa ametoka kidogo, akaingia kutoka uani. Wanawake wote wa nyumba wakashuka magotini, pu! "Kasinge, waitu!" Na Mama naye, mazoea ya maisha yake yote, akaangusha shuka akapiga magoti. Sakafu ilitikisika, kamera ikatikisika. Picha ikapotea.

Nikarudia. Safari hii alileta mzee jirani, akamkaribisha kwa sauti. Pu tena, wote chini, na shuka chini. Nikatazama kidude cha kuhesabia filamu, nikaona imebaki picha moja.

Wahaya wenzangu, mnajua jinsi ilivyo vigumu kusema nililosema. Nilisema, "Tata, naomba kitambo kidogo tu mtu yeyote asisalimiwe humu ndani."

"Mimi nisisalimiwe? Nyumbani kwangu?"

"Utasalimiwa mara mbili nikimaliza."

Akatoka. Nikamwambia Mama sikioni, "Hata aingie nani, usishuke. Ukishuka hatutamwona." Nikafungua lenzi. Na kweli, kama nilivyomjua, hata sijahesabu nusu, akaingia tena, kwa makusudi mazima, akasimama katikati ya nyumba akingoja. Wanawake wa pale wakanitazama. Nikawakazia macho, nikatikisa kidole. Hakuna aliyeshuka. Mama akakaza mikono, shuka halikwenda popote. Baba mdogo akaanza kunguruma kwamba amedharauliwa, kwamba shule imetuharibu, kwamba marehemu kaka yake anaona. Mimi nahesabu tu. Nilipofunga lenzi ndipo nikapiga magoti, "Kasinge, waitu." Hakuitikia. Tukaondoka bila kusindikizwa, na kwetu kutosindikizwa ni tusi.

Nikamwacha Mama Kamachumu, nikarudi Bukoba mbio. Nikaosha filamu, ikatoka safi, haijatikisika hata chembe. Nikaiweka kwenye mashine ya kukuza, nikatumbukiza karatasi kwenye dawa, nikainamia sinia chini ya taa nyekundu kumngoja baba yangu. Likaja koti. Ikaja kola ya kanzu. Ukaja mdomo, na mdomo haukuwa wa kucheka. Kisha kando ya pua likatokea doa. Nikadhani ni uchafu, nikalifuta kwa kidole. Nikachapa karatasi nyingine. Doa pale pale. Halikuwa doa, ilikuwa chunjua. Na chunjua ile niliijua, Ijumbi nzima iliijua, baba mdogo huikuna akifikiri.

Nilitoka chumba cha giza na karatasi inachuruzika maji. Mzee akaipokea, akaipeleka dirishani. "Ala!" akasema. "Huyu nimempiga mimi mwenyewe. Ule mwaka wa mvua nyingi. Alikataa pazia, akataka nimsimamishe nje ukutani. Na akataka picha ndogo, ndogo kabisa. Nilimshangaa, watu wote wanataka kubwa."

Nilikaa chini. Mzee akaniambia kunituliza, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Mpe mama yako hiyo hiyo. Macho yenyewe hayaoni."

Alikuwa mtu mwema, lakini siku ile nilimjibu vibaya. Nilimwambia kombe hili limefunikwa vya kutosha.

Nikaomba kamera tena na filamu mpya, maana bado nilikuwa na mawazo ya kijinga kwamba nyuma ya ile fremu, chini ya picha hii, labda ya baba ipo. Nikaenda moja kwa moja hadi Ijumbi, nikaweka ule uso mkubwa miguuni kwa mwenyewe. Nilijiandaa kwa mengi, akane, anifukuze, ainue fimbo. Sikujiandaa kwa alichofanya. Aliuokota, akauangalia kwa mbali, akauangalia kwa karibu, na akafurahi.

"Imetoka vizuri," alisema.

"Tata, ya baba iko wapi?"

"Ya kwanza? Ililiwa na mchwa zamani. Sasa nyumba ikae bila picha ya baba wa nyumba? Nikavaa koti lake, nikaenda Bukoba nikapigwa."

"Na Mama? Kila mwaka anakuja, unamwona anavyoinua macho, unakaa kimya?"

"Nimwambie nini? Mimi si omusika? Ukoo ulinikalisha. Wewe mwenyewe muda huu umeniita Tata. Yule ni mimi, na mimi ni yeye. Uongo uko wapi?" Akakuna chunjua yake. "Hii niachie, nitaitundika."

Niachie! Wallahi, mimi Mlutheri niliyebatizwa, niliapa kwa kiapo cha Mzee wa studio. Nikamnyang'anya karatasi mkononi. Sijawahi kumpokonya mkubwa kitu tangu nizaliwe na sijawahi tena. Husema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Bukoba, na Mama aliitembea yote kwa miguu, mwaka baada ya mwaka, huku shemeji yake amekaa chini ya picha yake mwenyewe akitafuna kahawa. Na linaloniuma zaidi ni kwamba hakuwa akijificha. Aliamini. Walimpa koti, akaona amepewa pamoja na mtu aliyelivaa.

Kamachumu nilifika jioni jua bado lipo. Mama alikuwa barazani ameoga, amevaa gauni lake la kanisani, kwa sababu anakwenda kumwona mumewe. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno.

"Lete," alisema.

"Mama, ngoja kwanza nikueleze."

"Nimengoja tangu ulipokuwa mgongoni. Lete."

Akaichukua, akaenda nayo uani kwenye jua, akaileta mpaka ikamgusa pua. Hakuweza kuona uso wote mara moja. Aliisogeza mbele ya lile jicho lililobaki kidogo kidogo, kama anavyochagua mchele. Kola. Kidevu. Mdomo. Akasimama hapo. Akarudi, akaenda tena. Mimi nimeshika nguzo ya baraza.

"Koti ni la baba yako," alisema. "Huyu ni shemeji."

Nikamweleza habari ya mchwa, na Bukoba, na ule ukuta. Nilimngoja aanguke, alie, aombe maji. Badala yake alipandwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. Mama yangu, mtu wa kusema "yaishe" hata akikanyagwa!

"Kwa hiyo nimempigia magoti shemeji mara mbili kila safari," alisema. "Mara moja kigodani, mara moja ukutani!" Akatema mate chini. "Na mimi nikirudi nyumbani namshukuru Mungu kwamba nimemwona mume wangu. Mungu ananicheka."

"Hakucheki, Mama."

"Basi ukoo unanicheka." Akaikunja ile karatasi kubwa mara moja, mara mbili, akanirudishia. Hakuichana. Kisha akaniuliza, "Kamera unayo?"

"Ninayo."

"Ina filamu?"

"Ina."

"Na ule mvukuto?"

"Upo. Lakini kwa uso wa mtu hauhitajiki, Mama. Nitasimama hapa tu nikupige."

"Uso sitaki." Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akageuka kulielekea jua. "Nikifa watatafuta mwanamke wa kuvaa gauni langu, wamkalishe, wakwambie huyu ndiye mama yako, mpigie magoti. Uso utafanana, nyuso zote zinafanana zikiwa ndogo. Nipige jicho. Hili, lingali linakuona. Hili hawana wa kumvisha."

Nikafunga mvukuto, nikauvuta mpaka mwisho wa reli, nikasogea karibu naye hivi kwamba pumzi yake ilinigusa mkono. Nikamwambia itachukua muda na asipepese. Jua lilimpiga moja kwa moja. Nilipofungua lenzi machozi yalianza kumtiririka kwa ukali wa mwanga, na hakufuta, hakupepesa, midomo imekazwa, akinitazama tu wakati mimi nahesabu. Kaka zake walikuwa wakirudi kutoka shambani, wakatusalimia kutoka mbali. Mama hakuwaitikia.